Msiidanganye giaboksi: torki isemwe kama ilivyo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niwafikie wenye magari ya spoti na mafundi wanaoyaseti. Hoja yangu ni moja. Katika gari lisilo na kebo kati ya pedali na injini, ambalo gia zake hubadilishwa na solenoidi (vali za umeme) na presha ya mafuta, kuseti kipepeo cha hewa, yaani throtoli inayopima hewa iingiayo kwenye injini, na kuseti giaboksi ni kazi moja. Anayeongeza nguvu upande wa injini huku akificha hesabu ya torki (nguvu ya injini ya kuzungusha) ili giaboksi isijue, anaiua giaboksi hiyo polepole. Na kwa kuwa haifi siku ileile, lawama humwangukia mtengenezaji, au mafuta, au dereva.

Mfumo wenyewe si mgeni. BMW 750i ya mwaka 1987 ilikuwa tayari na kipepeo kinachozungushwa na mota, na Corvette ya mwaka 1997 nayo ikaja hivyohivyo. Upande wa gia, Ferrari iliingia Formula 1 mwaka 1989 na gari lake la 640 lenye vibao vya gia nyuma ya usukani, kisha mwaka 1997 ikavileta barabarani kwenye F355. Volkswagen ikatoa Golf R32 yenye klachi mbili mwaka 2003. Miaka yote hiyo tumeendelea kuzungumza kana kwamba kebo bado ipo: fungua throtoli zaidi, ipe mafuta. Kompyuta haisikii hivyo. Ukikanyaga pedali, kompyuta ya injini katika magari mengi ya sasa husoma kwamba dereva anaomba torki kiasi fulani. Torki hiyo inaigeuza kuwa hewa inayohitajika, hewa inaigeuza kuwa pembe ya kipepeo, na wakati huohuo inakadiria ni torki gani hasa inatoka kwenye kranki-shafti (mhimili mkuu wa injini) ili iwaarifu wengine: giaboksi, mfumo wa kuzuia magurudumu kuteleza, hata kiyoyozi.

Nianze na jambo dogo linalowapotezea watu fedha. Kuna kisanduku kinachochomekwa kati ya pedali na waya wake, na muuzaji husema kinaamsha gari. Hakiongezi hata nguvu ya farasi mmoja. Kinachofanya ni kuvuta ishara ya pedali: mguu ukiwa asilimia 30, kompyuta inaambiwa 60. Gari linaonekana jepesi mwanzoni, halafu nusu ya pili ya pedali inakuwa haina kitu. Tena kipepeo chenyewe tangu mwanzo hakipitishi hewa kwa mstari ulionyooka. Injini isiyo na tabo (feni ya kusukumia hewa) ikiwa kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, kipepeo kikifika theluthi hivi presha ndani ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda) huwa imeshakaribia presha ya hewa ya nje. Ukifungua zaidi ya hapo hupati kitu cha maana. Kwenye mizunguko 6,500 mambo hubadilika, kwani injini inavuta hewa nyingi na kila asilimia ya kipepeo inahesabika hadi mwisho. Ndiyo maana jedwali la pedali huandikwa kwa torki na mizunguko pamoja. Kisanduku hakijui mizunguko, hakijui gia, hakijui barabara ina maji. Atakaye pedali kali zaidi abadilishe jedwali la maombi ya dereva ndani ya kompyuta yenyewe.

Kabla ya jedwali lolote, vipimo viwe vya kweli. Pedali ina sensa mbili ndani yake, na mara nyingi ya pili hutoa nusu ya volti za ya kwanza: moja ikitoka 0.8 hadi 4.0, nyingine hutoka 0.4 hadi 2.0. Tofauti hiyo imewekwa kwa makusudi. Waya mbili zikigusana, sensa zote zitasoma volti zilezile, na kompyuta itajua papo hapo kuwa kuna hitilafu. Kama zingekuwa sawa tangu mwanzo isingeng'amua. Kwenye throtoli mpangilio uliozoeleka ni mwingine: moja inapanda kutoka volti 0.5 hadi 4.5, ya pili inashuka kutoka 4.5 hadi 0.5, na jumla yake iwe 5.0 wakati wote. Weka multimita, sogeza kipepeo polepole, jumlisha. Ukikuta 5.0 kipepeo kikiwa kimefungwa lakini 5.2 kikiwa wazi, usiende kwenye laptopi. Nenda kwenye waya wa athi wa sensa, kwenye pini za soketi, na kwenye volti 5 zinazotoka kwenye kompyuta. Nambari za kila gari hutofautiana, hivyo chukua za mtengenezaji, ila kanuni ni hiyo.

Ukiwa na kompyuta ya kujitegemea, yaani ile inayoondoa ya kiwandani, utafundisha mwenyewe mwanzo na mwisho wa pedali. Usiweke sifuri pale hasa pedali inapopumzika. Panda asilimia 2 au 3. Usiweke mia pale volti zinapoishia kabisa. Shuka kiasi hichohicho. Joto, uchakavu wa bushi ya pedali na zulia lililojikunja chini ya mguu vinatosha kusogeza kipimo kiasi hicho. Bila nafasi hiyo, gari litabaki na asilimia 1 ya pedali dereva akiwa ameachia, au halitafika mia kamwe, na zipo programu za mwondoko wa mbio zisizoamka mpaka pedali isome karibu na mia.

Sasa throtoli. Kazi hii ifanyike swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa, vidole vikiwa mbali: mota ile ina nguvu ya kutosha kujeruhi kidole kwenye ukingo wa kipepeo. Ndani yake kuna springi mbili zinazopingana, na umeme ukikatika hukiacha kipepeo wazi kidogo, nyuzi 5 hadi 10 hivi, ili gari liweze kujikokota pembeni. Maana yake ni kwamba mota husukuma upande mmoja kukifungua zaidi ya hapo, na husukuma upande wa pili kukifunga chini ya hapo. Pale katikati nguvu hubadilika ishara. Na kwa bahati mbaya, injini ikiwa inanguruma taratibu bila mguu, kipepeo hukaa jirani kabisa na eneo hilo. Fundi anayeseti kwa mfunguo wa asilimia 50, akaona kila kitu kimetulia, akafunga laptopi, atamkabidhi mwenye gari injini inayopanda na kushuka kwenye taa za barabarani.

Dawa yake ni kuandika kwanza jedwali la nguvu ya kushikilia. Agiza kipepeo kikae asilimia 0, 5, 10, 15, endelea hivyo, na kila mahali andika ni asilimia ngapi ya umeme inayohitajika kukishikilia bila kutikisika. Utaona mstari unaopanda taratibu, wenye mruko mkubwa pale kwenye nafasi ya springi. Jedwali hilo likiingizwa, kazi ya kurekebisha makosa inabaki ndogo. Baada ya hapo ndipo upandishe thamani ya P (ukali wa kusahihisha kosa lililopo) hadi kipepeo kianze kutetemeka, kisha irudishe hadi kama asilimia 60 ya hapo. Ongeza D (breki ya mwendo wa kipepeo) kidogo kidogo mpaka kiache kupitiliza. I (inayolimbikiza kosa linalobaki) iwe ya mwisho na iwe ndogo, ya kumalizia tu ile tofauti ya asilimia 1 inayobaki. I ikiwa kubwa hujilimbikiza wakati kipepeo kimegonga mwisho, halafu kinakawia kurudi, na dereva anahisi gari likiendelea kuvuta mguu ukiwa umeshanyanyuliwa. Hilo halivumiliki hata kidogo.

Jaribio la kuamua ni la kuruka: toka asilimia 10 hadi 60 kwa agizo moja. Throtoli isiyo na hitilafu hufika ndani ya milisekunde 100 hivi, na isipitilize kwa zaidi ya asilimia 2 au 3. Kisha shusha volti za betri na urudie, kwa sababu mota iliyosetiwa kwa volti 14 hupata moja ya saba pungufu kwenye volti 12, na gari haliko kwenye volti 14 wakati wa kuwashwa. Jedwali la fidia ya volti si pambo. Mwisho, usiruhusu kipepeo kigonge kuta zake: ukomo wa juu uwe asilimia 98, wa chini uwe juu kidogo ya kufunga kabisa. Kinachogonga kila mara huchakaza gia zake za plastiki, na mota inayosukuma ukuta hupata joto bure.

Kuhusu jedwali la pedali lenyewe, nina shauri moja tu. Yalinde yale mapito ya sifuri. Injini inapotoka kuburutwa na magurudumu na kuanza kuyasukuma, uwazi wote ulio kwenye meno ya gia, kwenye ekseli na kwenye raba za kushikilia injini hufunga kwa mpigo mmoja. Ukiacha torki ipande kwa kasi ileile hapo, gari linapiga 'tuku' na kutingishika. Punguza kasi ya kupanda kwenye eneo hilo dogo pekee, milisekunde 50 hadi 100, kisha iachie. Wengi hupunguza kasi ya pedali nzima ili kuondoa mtikisiko huo, na gari la spoti linageuka zito kama basi.

Sasa nifike kwenye kiini. Tuchukue injini ya tabo iliyotoka kiwandani na torki ya Nm (nyutoni-mita) 400. Presha ya tabo ikapandishwa, sasa inatoa 520. Ndani ya kompyuta kuna ukomo wa torki kwa kila gia, na kuna jedwali linalogeuza hewa kuwa torki. Fundi mwaminifu hupandisha ukomo, hurekebisha jedwali ili 520 isomeke 520, kisha huenda kwenye kompyuta ya giaboksi kuhakikisha nayo inaruhusu na klachi zinaweza kubeba. Fundi wa haraka huliharibu jedwali la hewa: hewa inayotoa 520 anaiandika 400. Ukomo haujaguswa, taa ya injini haiwaki, gari linakimbia. Kazi imekwisha kwa saa moja.

Lakini giaboksi huishi kwa kuamini nambari ile. Kupitia mtandao wa CAN, yaani waya ambazo kompyuta za gari hupashana habari, mara nyingi kila milisekunde 10, inaambiwa injini inatoa kiasi gani, na kwa nambari hiyo inapanga presha ya kuibana klachi. Haibani kwa nguvu zote kila wakati, kwa sababu pampu ingekula nguvu bure na ubadilishaji wa gia ungekuwa wa kupigwa rungu. Tuseme inabana kwa kile ilichoambiwa na kuongeza akiba ya asilimia 20. Imeambiwa 400, imebana kwa 480. Injini inaleta 520. Klachi inateleza.

Tazama kuteleza kwenyewe. Klachi inayopitisha Nm 480 huku pande zake zikipishana kwa mizunguko 200 tu kwa dakika inazalisha joto la kilowati 10 hivi. Ni kama kuchomeka majiko kadhaa ya umeme ndani ya bakuli la mafuta, na joto lote linapita kwenye uso wa sahani nyembamba. Mizunguko 200 dereva haioni kwenye dashibodi; sindano inaonekana kupanda kawaida. Sahani zinapata rangi ya bluu, mafuta yanabadilika harufu, unga wa klachi unaingia kwenye solenoidi, na solenoidi chafu huleta presha isiyo sahihi, ambayo huleta kuteleza zaidi.

Kwa nini basi haliharibiki wiki ya kwanza? Kwa sababu giaboksi ya kisasa hujifunza. Inaona klachi imeteleza kidogo, inapandisha presha yake ya kujifunza. Kesho tena. Inalipa deni la uongo kwa niaba ya fundi mpaka ifike mwisho wa nafasi yake ya kujirekebisha, na hapo ndipo taa inawaka, miezi baadaye, gari likiwa kwa mtu mwingine kabisa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwenye mashine ya kusoma kompyuta za gari anaweza kuuona ugonjwa huu mapema: asome thamani za kujifunza za kila klachi kabla ya kutuni, asome tena baada ya wiki mbili. Zikiwa zinapanda upande mmoja bila kutulia, torki inayotangazwa si ya kweli.

Uongo huo unaharibu kitu cha pili pia. Wakati wa kubadilisha gia, giaboksi huiomba injini ishuke. Ikiomba Nm 150, injini yenye jedwali la uongo itatoa 195, kwa kuwa kila hesabu yake imepungua kwa uwiano uleule wa 1.3. Mteja analalamika gia zinapiga teke. Fundi yuleyule sasa anaingia kwenye giaboksi na kurefusha muda wa kupokezana ili kulainisha teke. Amelainisha kwa kuichoma klachi. Kosa la pili linafunika la kwanza.

Na kuna la tatu, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Kompyuta ya injini ina mlinzi wa ndani anayelinganisha torki ambayo mguu wa dereva unairuhusu na torki inayokadiriwa kutoka. Ya pili ikizidi, anafunga kipepeo au anakata mafuta. Mlinzi huyu yupo ili gari lisikimbie lenyewe. Akiona jedwali limevurugwa, anaingilia kati, na gari linasita ghafla. Wapo wanaomzima. Nasema wazi: aliyemzima mlinzi huyo ili kuficha kazi mbovu amehatarisha maisha ya watu wasiojua hata kama gari limeguswa. Kanuni za mashindano ya wanafunzi ya Formula SAE, ambako magari hutengenezwa na vijana walio bado chuoni, zinataka sensa mbili za pedali zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10 kwa zaidi ya milisekunde 100, nguvu ikatwe. Gari la barabarani lisilindwe kidogo kuliko hilo.

Sasa tuutazame ubadilishaji mmoja kwa karibu, giaboksi ya klachi mbili, kutoka gia ya 3 yenye uwiano 1.50 kwenda ya 4 yenye 1.20. Injini iko mizunguko 7,000. Baada ya gia kuingia lazima iwe 5,600. Gia ya 4 imeshachaguliwa, klachi yake imejazwa mafuta hadi sahani zimekaribia kugusana. Dereva anavuta kibao. Kwanza ni kupokezana mzigo: klachi ya gia ya 4 inapanda presha huku ya gia ya 3 ikishuka, na mizunguko bado haijabadilika. Kisha injini lazima ipoteze mizunguko 1,400, na hapo ndipo ombi la kupunguza torki linatumwa.

Mstari wa mizunguko kwenye rekodi unasema kila kitu. Ukiona umeruka kutoka 7,000 hadi 7,150 kabla ya kushuka, klachi ya zamani imeachia mapema au mpya imechelewa. Injini ilibaki haijashikwa na mtu. Ukiona gari linapungua mwendo kwa kitambo kidogo wakati mizunguko bado iko 7,000, klachi mbili zimeshika pamoja kupita kiasi na zinapigana. Mizunguko ikishuka vizuri halafu ikafika 5,600 kwa kona kali, torki imerudishwa haraka mno au presha ya mwisho ni kubwa. Ni makosa matatu tofauti yenye dawa tatu tofauti, na dereva huyaeleza yote kwa neno lilelile: 'inapiga'. Bila rekodi ni kubahatisha.

Kupunguza torki kwenyewe kuna njia zake. Kipepeo ni cha polepole, kwa sababu hata kikifunga mara moja hewa iliyo ndani ya manifoldi bado italiwa kwa mizunguko kadhaa. Taimingi ya plagi, yaani wakati wa kutoa cheche, ni ya papo hapo: ikicheleweshwa, torki inashuka kwenye mlipuko unaofuata, ila joto la ekzosi linapanda, hivyo isikae hapo muda mrefu. Kukata mafuta ni njia safi lakini kunachelewa kwa mzunguko mzima wa silinda, ambao kwenye mizunguko 6,000 ni milisekunde 20, na kwa nozeli zinazopuliza kwenye mlango wa kuingilia hewa, ukuta wa mlango hukauka. Mlipuko wa kwanza wa kurudi huwa na mafuta pungufu. Kukata moto wa plagi kabisa kunatupa mafuta mabichi kwenye ekzosi, yanawaka humo, na katalitiki (kisafishio cha moshi) inayeyuka. Kwa gari la barabarani, taimingi ifanye kazi kubwa na kipepeo kisaidie kidogo. Kukata moto kubaki kwenye gari la mashindano lisilo na katalitiki.

Kwenye giaboksi ya mashindano ya sikwenshali (ya gia moja moja kwa mfuatano) yenye meno makubwa ya kung'atana, yale mafundi huyaita dogi, hakuna klachi ya kusamehe kosa. Meno yale hayachomoki yakiwa yamebeba mzigo; lazima injini inyamaze kwa muda mfupi, mara nyingi kati ya milisekunde 40 na 80, ili yaachiane. Muda ukiwa mfupi mno, kifaa kinachovuta gia kinalazimisha meno yaliyobanwa, pembe zake zinalika na kuwa mviringo, na baada ya muda gia inaanza kuchomoka yenyewe kwenye kona. Ukiwa mrefu mno, gari linainama mbele na torki inarudi kwa kishindo. Usitumie saa peke yake kuamua. Weka sensa ya nafasi ya gia kwenye pipa la kubadilishia, na urudishe moto pale pipa linapovuka nusu ya safari na kuingia upande wa gia mpya. Saa iwe ukomo wa usalama tu. Torki irudi kwa mteremko wa milisekunde 20 hadi 50, sehemu ya silinda kwanza, kisha zote.

Kushuka gia kunahitaji kupiga resi, na hapa kipepeo cha umeme ni neema kubwa. Kutoka gia ya 4 kwenda ya 3 kwa uwiano uleule, ukiwa mizunguko 5,000 injini inatakiwa ifike 6,250. Injini nyepesi inayopanda mizunguko 10,000 kwa sekunde ikiwa haina mzigo itahitaji milisekunde 125 kwa hizo 1,250, na ongeza hapo muda wa kipepeo kufunguka na manifoldi kujaa. Anza na mfunguo wa asilimia 25, angalia rekodi, panda kwa asilimia 5. Mizunguko ikipitiliza 6,250 gari linasukumwa mbele wakati dereva anafunga breki. Ikikosa kufika, magurudumu ya nyuma yanakwama kwa kitambo. Weka pia katazo: injini ikiwa na ukomo wa 7,500, gia ya 3 isikubaliwe juu ya mizunguko 6,000, kwa kuwa 6,000 mara 1.25 ni 7,500 kamili. Kikata-mizunguko cha injini hakiwezi kuzuia magurudumu yasiizungushe injini kwa nguvu. Vali zikigongana na pistoni, hakuna programu ya kuzirudisha.

Kurekodi nako kuna kipimo chake. Nimetaja milisekunde 40, 80, 125. Mashine inayorekodi mara 10 kwa sekunde huchukua picha moja kila milisekunde 100. Kukata moto kwa milisekunde 60 kunaweza kuanza na kuisha katikati ya picha mbili, na rekodi ikaonyesha kuwa hakukutokea kitu. Kwa kazi ya gia rekodi angalau mara 100 kwa sekunde, na kwa kuseti mota ya kipepeo mara 200 au zaidi. Vitu vya kurekodi ni pedali, agizo la kipepeo, nafasi halisi ya kipepeo, mizunguko ya injini, mizunguko ya shafti ya kuingilia giaboksi, torki inayotangazwa, torki inayoombwa na giaboksi, taimingi, presha ya klachi na joto la mafuta. Tofauti kati ya mizunguko ya injini na ya shafti ndiyo kuteleza kwenyewe. Usikose hiyo.

Baada ya kazi, thamani za kujifunza zifutwe na gari lijifunze upya kwa utaratibu wa mtengenezaji: gari kwenye sakafu bapa, mafuta kwenye joto lililotajwa, betri yenye chaji kamili. Kufundisha klachi kwenye mafuta ya baridi ni kuipa sehemu isiyo sahihi ya kugusana, na gari litatetemeka kila linapoondoka. Throtoli nayo ikisafishwa masizi lazima ifundishwe upya nafasi ya kufunga, la sivyo hewa iliyokuwa inazuiwa na uchafu sasa itaipandisha injini ikiwa imesimama. Na mafuta ya giaboksi iliyoongezewa torki yabadilishwe mapema kuliko ratiba ya kiwandani.

Kwa wenye magari, dai vitu vitatu kabla ya kulipa: nakala ya programu ya awali ya kompyuta zote mbili, rekodi ya gia zote zikipanda pedali ikiwa chini kabisa, na karatasi ya mashine ya kupimia nguvu ikiwa na torki iliyopimwa kando ya torki inayotangazwa kwenye CAN. Ile ya mashine hupimwa magurudumuni, hivyo fundi aigeuze kwanza kuwa ya injini kwa uwiano wa gia na upotevu wa njiani. Zikikaribiana, ndani ya asilimia 5 hivi, umefanyiwa kazi. Mashine ikisema 520 na CAN ikasema 400, usiliondoe gari hapo mpaka jedwali lirekebishwe.

Wako katika ujenzi wa uelewa,

Fundi wa mifumo ya umeme wa magari